Waya Mmoja, Kazi Mbili: Umeme na Picha za Kamera za Ulinzi Kilambo

Mada kwa wajumbe wa kamati za shule, zahanati, masoko na vyama vya msingi vya ushirika, Kilambo na vijiji jirani



Kilambo ni mlango wa kusini wa nchi. Mto Ruvuma, unaotenganisha Tanzania na Msumbiji, unakaribia kumaliza safari yake na kuingia Bahari ya Hindi, na kivuko ndicho kinachovusha watu, magari na mizigo kwenda Namoto, ng'ambo ya pili. Penye mlango hapakosi maswali ya ulinzi. Mnamo Oktoba 2020 watu wenye silaha waliotoka ng'ambo ya mto walishambulia kijiji cha Kitaya, ndani ya Wilaya ya Mtwara, na Machi 2021 mji wa Palma, katika jimbo la Cabo Delgado, ulivamiwa. Wananchi wa ukanda huu wanapozungumzia usalama, hawazungumzii jambo la kusimuliwa.

Hata hivyo ni vema mipaka ya jambo ikawekwa wazi tangu mwanzo. Ulinzi wa mpaka ni kazi ya vyombo vya dola, na kamera ya kijiji haiwezi kusimama mahali pao. Kamera ina kazi ndogo zaidi, tena ya kila siku: kuonyesha nani alifungua ghala usiku, sanduku la dawa lilitoka zahanati kwa mlango upi, na betri ya sola ya shule ilichukuliwa saa ngapi. Katika mkoa wa Mtwara, ambako korosho imekuwa ikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08, kazi hiyo si ndogo kwa mkulima. Mzigo wake huondoka mikononi mwake, ukapimwa, ukaandikwa, ukalala ghalani ukisubiri mnada. Katika siku hizo za kusubiri, mali yake yote ya mwaka inategemea kufuli, mlinzi na daftari. Kamera ni shahidi wa nne.

Shahidi huyo ana udhaifu mmoja: anaweza kufa bila mtu kujua. Kufuli likivunjwa huonekana, na mlinzi asipofika hutafutwa. Kamera iliyozimika hubaki imening'inia ukutani ikitazama kama kawaida, na kamati hugundua siku ya wizi kwamba hakuna picha. Mara nyingi kamera yenyewe huwa nzima, na kilichoharibika ni njia inayoipelekea umeme na kurudisha picha. Hivyo mada hii inahusu waya: umetengenezwa kwa madini gani, una urefu gani, umepita wapi, na unapata umeme kutoka wapi. Kamati inayoyajua haya manne itaweza kumuuliza fundi maswali ya maana kabla fedha za wananchi hazijatumika.

WAYA WA MTANDAO NI NINI

Waya wa mtandao unaotumika kwa kamera za siku hizi una nyuzi nane ndani ya ganda moja. Nyuzi hizo zimepangwa katika jozi nne, na kila jozi imesokotwa kama kamba. Msokoto huo haukuwekwa kwa urembo. Alexander Graham Bell alipata hataza ya jozi iliyosokotwa mwaka 1881, wakati simu za kwanza zilipokuwa zikisumbuliwa na kelele za nyaya nyingine zilizopita karibu. Nyuzi mbili zikisokotwa pamoja, kelele inayotoka nje huingia katika zote mbili kwa kiasi kilekile. Kifaa kinachopokea husoma tofauti iliyopo kati ya uzi mmoja na mwenzake, na kwa kuwa kelele iko sawa pande zote mbili, hujifuta. Kila jozi katika waya wa mtandao husokotwa kwa kasi yake, ili hata jozi jirani zisisumbuane.

Wazee wanaokumbuka simu za mezani wanajua jambo jingine. Umeme ulipokatika mji mzima, simu ya posta iliendelea kulia. Sababu ni kwamba simu haikutegemea umeme wa nyumba ilimokuwa. Ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, chenye betri kubwa za volti 48, kupitia jozi ileile iliyobeba sauti. Kamera za leo zimerudi kwenye wazo hilo. Umeme na picha hupita katika waya mmoja, kutoka chumba kimoja kinacholindwa. Utaratibu huo huandikwa kwenye vifaa kwa herufi PoE, na kiwango chake cha kwanza cha kimataifa kilitolewa mwaka 2003 kwa namba 802.3af.

Faida yake kwa ghala au zahanati ni kubwa. Haihitajiki soketi ya umeme kila penye kamera, wala kupeleka umeme wa volti 230 juu ya paa au kwenye uzio. Zaidi ya yote, betri moja iliyo katika chumba kimoja yaweza kuziweka hai kamera zote pindi umeme wa TANESCO unapokatika.

UMEME UNAPOTEA NJIANI

Kila uzi wa shaba una ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme. Kadiri uzi unavyokuwa mrefu na mwembamba, ndivyo umeme mwingi zaidi unavyogeuka joto njiani kabla ya kufika. Hesabu ifuatayo ni rahisi, na kila mjumbe anaweza kuifuata.

Ichukuliwe kamera iliyofungwa mita 80 kutoka chumba cha mitambo. Mchana inatumia wati 3. Usiku taa zake za kuonea gizani zinawaka, nayo inatumia wati 6. Fundi anatumia njia ya bei nafuu: anachukua umeme wa volti 12, anaupeleka kwa nyuzi mbili za kwenda na mbili za kurudi ndani ya waya wa mtandao. Kwa shaba ya unene wa kawaida, nusu milimita hivi, ukinzani wa kwenda na kurudi kwa umbali huo ni karibu omu 6.7. Mchana kamera inavuta ampea 0.25, hivyo volti 1.7 zinapotea njiani na kamera inapata volti 10.3. Inafanya kazi. Fundi anaonyesha picha safi, kamati inafurahi, na hati ya makabidhiano inasainiwa saa nane mchana. Usiku unapoingia kamera inataka ampea 0.5. Sasa zinapotea volti 3.4, na kamera inabaki na volti 8.6. Inazimika, inajaribu kuwaka, inazimika tena. Kamera inayoona mchana na kupofuka usiku ina ugonjwa huu mara nyingi, na dawa yake si kununua kamera nyingine.

Kamera hiyohiyo ikipelekewa umeme wa volti 48 kwa nyuzi zilezile, wati 6 zinahitaji ampea 0.125 tu. Kinachopotea njiani hakifiki volti 1. Hii ndiyo sababu viwango vya PoE hutumia volti kati ya 44 na 57: volti zikiwa nyingi, mkondo unakuwa mdogo, na hasara ya njiani hupungua.

Waliotunga kiwango cha 2003 waliiweka hasara hiyo ndani ya hesabu. Kifaa kinachotoa umeme kinatakiwa kutoa hadi wati 15.4 kwa kila mlango, lakini kamera imehakikishiwa wati 12.95 tu. Tofauti ya wati 2.45 ndiyo inayoweza kupotea katika waya wa mita 100 wenye ukinzani mkubwa kuliko wote unaoruhusiwa. Mwaka 2009 kikaja kiwango cha 802.3at, kinachotoa wati 30 na kumhakikishia mtumiaji wati 25.5, kwa ajili ya kamera zinazozunguka na kuvuta picha karibu. Mwaka 2018 kikafuata 802.3bt, chenye kutoa wati 60 na hata 90 kwa kutumia jozi zote nne. Kwa kamera za kawaida za ghala, shule au zahanati, kiwango cha kwanza kinatosha.

Vifaa vinavyofuata viwango hivi vina adabu nyingine. Havitoi umeme kabla ya kuuliza. Hutuma kwanza volti chache kuchunguza kama upande wa pili kuna kifaa kinachohitaji umeme, na jibu sahihi lisipopatikana havitoi chochote. Ndiyo maana mtu akichomeka kompyuta kwa bahati mbaya katika mlango wa PoE wa kiwango, kompyuta haidhuriki. Vipo vifaa vya bei ya chini visivyouliza, ambavyo husukuma umeme wakati wote katika jozi mbili. Hivyo vinaweza kuunguza kifaa kisichotegemea umeme huo. Mjumbe atavitambua kwa kuwa havijaandikwa namba ya kiwango, yaani 802.3af, at au bt. Hati ya ununuzi itaje namba hiyo.

SHABA NA KINACHOFANANA NA SHABA

Madukani kuna waya wa mtandao unaouzwa kwa bei ya chini sana. Ukikatwa, ncha zake zinaonekana nyekundu kama shaba. Lakini wekundu huo ni ngozi nyembamba iliyopakwa juu ya alumini. Herufi CCA kwenye boksi au kwenye ganda ndizo alama yake, ingawa wapo wasioziandika.

Alumini iliyopakwa shaba ina ukinzani unaozidi ule wa shaba tupu kwa zaidi ya mara moja na nusu. Maana yake ni kwamba hesabu yote iliyotangulia inavurugika: waya uliopaswa kufika mita 100 unashindwa kabla ya hapo, na unapata joto zaidi. Uzi wake hukatika ukikunjwa mara chache. Na katika mwambao kama huu, ambako upepo wa chumvi unatoka mdomoni mwa mto na kwenye mikoko, alumini iliyo wazi penye kiungo huliwa upesi. Waya wa namna hii hautambuliwi na viwango vya nyaya za mtandao kwa daraja lolote.

Kuupima hakuhitaji mtambo. Uzi mmoja ukwanguliwe kwa kisu mpaka ndani. Shaba halisi ni nyekundu hadi kiini. Nyekundu ikiisha na kuonekana weupe wa fedha, hiyo ni alumini. Boksi pia linasema ukweli kwa uzito wake, kwa kuwa shaba ina uzito wa zaidi ya mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule. Kamati iandike katika mahitaji yake maneno haya: waya wa shaba tupu, daraja la Cat5e au Cat6. Kisha mjumbe aende na kisu siku ya kupokea vifaa.

UMBALI NA UUNGAJI

Kikomo cha waya wa mtandao ni mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Kipimo hicho kinajumuisha mizunguko yote: kupanda ukuta, kupita darini, kushuka kwenye nguzo. Ghala lenye urefu wa mita 60 linaweza kuhitaji waya wa mita 95 kufika kona ya mbali. Kwa hiyo umbali upimwe kwa kamba kwenye njia halisi kabla ya kununua. Pale kamera inapokuwa mbali zaidi, kwa mfano lango la soko au gati la wavuvi, njia ni mbili: kuweka swichi nyingine ya mtandao katikati, au kutumia waya wa faiba, unaobeba picha kwa mwanga na kufika kilomita kadhaa, huku kamera ikipata umeme wake kwa sola iliyo karibu.

Kwenye ncha, nyuzi nane huingia katika plagi ya RJ45 kwa mpangilio maalumu wa rangi. Mpangilio unaotumika sana, uitwao T568B, ni huu: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, nyeupe yenye bluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Mtu asiyejua hushangaa kwa nini kijani imetenganishwa na mwenzake. Sababu ni kwamba vifaa husoma nafasi ya 3 na ya 6 kama jozi moja. Fundi anayepanga rangi kwa kufuatana tu, pande zote mbili sawasawa, huwa ametumia nyuzi za jozi tofauti katika nafasi hizo. Kipimio cha bei nafuu kitawasha taa zote nane kuonyesha kwamba nyuzi zimeungana, lakini msokoto hauna kazi tena, na kelele inaingia. Picha zitakatika hasa waya ukiwa mrefu. Inafaa pia nyuzi zisifunguliwe msokoto kwa zaidi ya milimita 13 karibu na plagi.

Viungo vya katikati ya waya visiruhusiwe. Uzi uliosokotwa kwa mkono na kuvingirishwa utepe mweusi ni mlango wa maji na chumvi. Waya ukikatika nje, uwekwe mwingine kutoka mwanzo hadi mwisho.

CHUMVI, JUA, PANYA NA RADI

Waya wa kijivu au bluu unaotumika ofisini haukutengenezwa kwa jua la Mtwara. Ganda lake hukauka na kupasuka. Kwa nje unahitajika waya wenye ganda jeusi la poliethilini, na ukipita ardhini uwe wa aina iliyojazwa jeli dhidi ya maji. Waya wa ardhini upite ndani ya bomba la plastiki, kina cha nusu mita au zaidi, ili jembe lisiufikie na mchwa na panya wasiutafune. Njia yake ichorwe kwenye karatasi na nakala ibaki ofisini, kwa kuwa mafundi huondoka na watendaji huhamishwa.

Mnazi usitumike kama nguzo. Hukua na huyumba, nao huvuta waya mpaka plagi ikachomoka. Nguzo iwe ya chuma kilichopakwa zinki au mti uliowekwa dawa, imara kiasi kwamba picha haitikisiki upepo wa kusi unapovuma.

Sehemu inayokufa kwanza mwambaoni ni pale plagi inapokutana na mkia wa kamera. Kiungo hicho kiwe ndani ya kisanduku kisichoingiza maji, chenye kufunguka kwa chini. Waya uache kitanzi kinachoning'inia chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Kitanzi hicho hakigharimu shilingi, na kukosekana kwake kumeua kamera nyingi. Tone la maji ya chumvi likikaa kati ya nyuzi zenye volti 48, shaba hugeuka kijani na kuliwa.

Radi inahitaji neno lake. Msimu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kwenda hadi Aprili, unagusana na msimu wa korosho. Ghala linakuwa limejaa wakati ambapo mawingu nayo yamejaa. Radi haihitaji kupiga kamera ili kuiharibu. Ikipiga karibu, waya mrefu ulio nje hukusanya mshtuko na kuupeleka chumbani, ukaunguza swichi na rekoda pamoja. Kinga zake ni tatu. Ya kwanza ni kifaa cha kuzuia mshtuko wa radi kwenye kila waya unaotoka nje, kiwekwe ncha zote mbili, upande wa kamera na upande wa chumba. Ya pili ni ethi nzuri: kifaa hicho kisichounganishwa na ardhi kwa waya mfupi na mnene ni pambo. Ya tatu ni kutumia faiba kati ya jengo na jengo. Kioo hakipitishi umeme, hivyo mshtuko wa jengo moja hauvuki kwenda la pili.

Waya wa kamera uwekwe mbali na nyaya za umeme wa kawaida, angalau sentimita 30 pale zinapokwenda sambamba. Pakilazimu kukutana, zivukane kama msalaba. Kazi yoyote inayogusa umeme wa TANESCO ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

UMEME UNAPOKATIKA

Mwizi hupendelea giza, na giza la kukatika umeme ndilo refu kuliko yote. Mfumo wa kamera usio na betri hulala usingizi wakati huohuo unaohitajika kukesha.

Mfano wa hesabu: ghala lina kamera 8, kila moja ikitumia wati 6 usiku. Jumla ni wati 48. Rekoda na kifaa cha intaneti viongeze wati 32. Jumla kuu ni wati 80. Kwa usiku mzima wa saa 12, zinahitajika wati-saa 960. Betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, lakini betri ya asidi ikitumiwa zaidi ya nusu mara kwa mara haidumu. Zinazotumika kwa usalama ni 600. Inveta nayo hula sehemu yake. Hivyo usiku mzima unahitaji betri mbili za namna hiyo. Kwa ukatikaji wa saa nne tu, moja inatosha. Kila kamati ifanye hesabu hii kwa mazingira yake kabla ya kuambiwa idadi ya betri na muuzaji.

Swichi ya mtandao nayo ina mfuko wake. Swichi yenye milango 8 inaweza kuandikwa kwamba jumla ya umeme inaoweza kutoa ni wati 60. Kamera 8 za wati 9 zinahitaji 72. Mchana, taa za kamera zikiwa zimezimwa, hakuna atakayeona kasoro. Usiku swichi itazinyima umeme kamera moja au mbili ili kujiokoa, na huenda mojawapo ndiyo inayotazama mlango. Jumla ya wati za swichi izidi jumla ya wati za kamera za usiku, ikibaki ziada ya kamera moja mbili za baadaye.

Rekoda na betri zikae katika chumba kinachofungwa, chenye hewa, kisichoonekana kwa mgeni. Mwizi anayejua kazi yake huanza na rekoda.

PICHA ZA WATU NI AMANA

Kamera ikishafanya kazi, inazaa wajibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu ijisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa zake. Bango la kuwajulisha watu kwamba kuna kamera liwekwe mahali wanapoliona kabla ya kuingia. Kamera zisielekezwe chumba cha daktari, chumba cha kujifungulia, choo, wala ua wa jirani. Wanaoruhusiwa kutazama picha watajwe kwa vyeo, na kila anayezitoa aandike daftarini alimpa nani na kwa sababu gani.

Neno la siri lililokuja na kifaa kutoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingi duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, kisha ikavitumia kushambulia huduma kubwa za intaneti huko Marekani. Kamera ya kijijini Kilambo ikiunganishwa na intaneti inaonekana na dunia nzima sawasawa na ya New York.

SIKU YA MAKABIDHIANO

Ndugu wajumbe, fedha za kamera hutoka kwenye mapato ya kijiji, michango ya wazazi au makato ya wakulima. Hazina pa kujirudia zikipotea. Yote yaliyosemwa yanaweza kufupishwa kuwa vipimo saba, ambavyo kamati itavidai mbele ya fundi.

Kwanza, uzi ukwanguliwe na kuonekana shaba hadi kiini. Pili, orodha ya urefu wa kila waya itolewe, na hakuna unaozidi mita 100. Tatu, kila kifaa cha kutoa umeme kiwe na namba ya kiwango, na jumla ya wati zake ilinganishwe na za kamera. Nne, kila kiungo cha nje kifunguliwe na kuonekana kikavu, chenye kitanzi cha matone. Tano, vizuia mshtuko wa radi vioneshwe pamoja na waya wao wa ethi. Sita, swichi kuu ya umeme izimwe, na kamera zote ziendelee kurekodi kwa muda ulioahidiwa. Saba, kamera zote zitazamwe usiku, taa zao zikiwa zimewaka, kila moja kwa jina lake, na picha za usiku huo zirudishwe na kuonekana kwenye rekoda asubuhi yake.

Baada ya hapo, mtu mmoja apewe kazi ya kutazama picha ya kila kamera mara moja kwa wiki na kutia saini daftarini. Kazi hiyo haizidi dakika tano. Ndiyo itakayozuia kamati kugundua siku ya msiba kwamba shahidi wake alikufa miezi mitatu iliyopita.

Mkataba na fundi useme wazi kwamba malipo ya mwisho hayatatolewa kabla ya kipimo cha saba. Hati ya makabidhiano ya kamera isisainiwe mchana.